Koki Mbili

Tibenkana amezipanga juu ya kaunta kama meno:
ya plastiki, nyepesi kama ahadi ya mteja;
ya gurudumu dogo, la kuzungusha mpaka kiwiko kichoke;
na ya shaba, yenye mpini mwekundu,
robo mzunguko tu, tak, imefunga.

"Zote zinafunga maji, Nangobi.
Tofauti ni bei."

Tofauti si bei.

Boti yetu haina rafadha. Inaunywa mto kwa tumbo
na kuutapika nyuma, watalii wakipiga mayowe ya raha.
Lakini mto si maji matupu. Kiira huja na mchanga,
na mizizi ya gugumaji, na siku moja
kandambili ya mtoto, ya buluu.
Kwa hiyo kila jioni injini husukutuliwa koo:
mpira kutoka bombani, koki, kisha tumboni mwake,
hadi yanayotoka yafanane na yaliyoingia.

Okware wa Busia, aliyenifunza injini na Kiswahili
kwa matusi yale yale, alikuwa akisema:
Kuanza, moto kwanza, maji baadaye.
Kumaliza, maji kwanza, moto baadaye.
Ukigeuza, umezika.

Maana injini iliyozimwa haina pumzi ya kutema.
Maji huendelea kuja, kwa adabu, bila kelele,
hupanda njia ya moshi, huteremkia silinda,
hukaa humo yakingoja asubuhi.

Na asubuhi ufunguo ukageuzwa,
kitu kikagonga mara moja tu
kama mlango wa benki.
Mkono wa pistoni ulikuwa umepinda.
Kila aliyeinama kuutazama aliinuka na jina moja:
Kisambira. Yule kijana. Aliacha maji.
Isabirye mwenye boti akampa nauli ya Kamuli
na hakumpa kitu kingine.

Jioni ile simu ilikuwa sikioni mwangu.
Mama alikuwa akinisomea bei ya dawa, tarakimu kwa tarakimu.
Nilizima injini kwa mkono wa kulia. Na koki,
ile ya gurudumu, nilijua nimeifunga:
niliizungusha mara nne.
Ilitaka saba.

Gurudumu halisemi. Lililofungwa na lililo wazi
lina uso mmoja.
Hata mimi, pale gatini, katikati ya watu,
nilikuwa na uso mmoja.

"Nipe za mpini," namwambia. "Mbili. Robo tatu inchi.
Moja bombani, moja karibu na ufunguo,
mkono usipate safari ya kusahau."
"Elfu thelathini na tano kila moja."
"Ishirini na nane."
"Pima uzito kwanza, dada, ndipo unitukane."

Napima. Nafungua, nafunga.
Nafumba macho, nafungua, nafunga.
Mpini ukilala na bomba, maji yapo.
Ukikingama, hayapo.
Hata mtu aliye ng'ambo ya gati ataona.
Chuma kinachokiri hali yake kabla hakijaulizwa!
Na mimi, mwenye ulimi, tangu Mei.

Tunakutana thelathini na moja.
Ananiongezea tepu nyeupe ya kuzibia nyuzi
na swali: "Yule kijana wenu mliishia naye wapi?"
Nahesabu chenji ambayo haipo.

Pesa ya boda imebaki kaunta, basi natembea,
shaba zikigongana mfukoni kama watu wawili
wanaojua jambo.
Penye kivuli cha ukuta wa ghala la zamani la pamba
nasimama, natafuta namba.
Inaita.
Kidole changu kimo mfukoni, kwenye mpini:
funga, fungua, funga.
Inaita.
Fungua.

"Haloo?" anasema Kisambira,
na nyuma yake nasikia mbuzi, na mtu anatwanga.