Wa Pili Kutoka

Sikwenda kumtafuta Mungu. Liandikwe hilo kwanza.
Nilikwenda kwa ajili ya usingizi,
miezi saba nalala saa mbili mbili
kama mlinzi wa kiwanda, na mimi si mlinzi,
mimi ni mpima minofu pale Igogo,
namba kumi na nne, koti jeupe, buti la mpira.

Wande alinipokea Kayenze na sweta la mtumba
lenye mti wa Krismasi kifuani.
Mchana anauza vocha. Mizizi alirithi kwa shangazi yake
pamoja na deni la mabati na mbuzi mmoja kiziwi.
Hakunipigia manyanga. Aliniuliza: Umekula?
Nikasema, chai. Akasema: Hiyo itarudi.

Kikombe cha plastiki, cha njano, mkono umevunjika.
Nimeshapasua nyongo za sangara, kisu kikiteleza,
nikalamba kidole bila kufikiri.
Hii ilikuwa nyongo ya ziwa zima.
Ikarudi chai. Ikarudi na jana yake.

Kisha hakuna kitu.
Muda mrefu, hakuna kitu.
Nikaanza kuhesabu pesa yangu iliyopotea.

Ndipo jiwe likavuta pumzi.

Unayajua mawe yetu, moja limempanda mwenzake
bila saruji, bila kamba, watoto wanaanika sare juu yake.
Nimeishi chini ya mawe hayo Mabatini
na sijauliza hata siku moja nani aliyapandisha.
Sasa la chini lilipumua, la juu likainuka kidogo,
likashuka, kama mtoto kifuani kwa baba aliyelala,
nami nikajua, si kwa kuambiwa,
nilijua kama ulimi unavyojua pengo la jino,
kwamba hayabebani. Yanasikilizana.

Ziwa likaja bila kusogea.
Likanipima.
Mimi, mpimaji, nikawekwa kwenye sahani ya baridi
nikauona mshale ukisita,
ukisita,
kana kwamba kuna uzito mwingine haujafika.

Mimi ni Doto. Nyumbani kwetu hakukuwa na Kulwa.
Alitangulia kutoka, akatangulia kurudi.
Saa nne asubuhi alikuwa wa dunia, saa sita hayupo,
na mama akawa ananiita jina langu
kama karani anayeita namba mbili kwenye foleni
wakati namba moja ameshaondoka.

Alikuwa amekaa majini hadi kiunoni.
Kipara kilekile, kimeanzia palepale.
Mkono wa kushoto hauna kovu la kisu:
hajawahi kufanya kazi, mshenzi huyu.
Nilikuwa na maneno. Miaka arobaini na mmoja ya maneno.
Yote yakawa dagaa walioiona karabai,
yakajaa, yakang'aa, hayakwenda popote.
Yeye ndiye aliyesema,
kwa ile sauti ninayoichukia nikijirekodi kwenye simu:
Sogea.
Basi. Kama mtu anayetaka nafasi kwenye benchi.
Nikasogea.

Simu ya Wande ikaita. Mteja anataka vocha ya buku.
Akamjibu kwa Kisukuma, taratibu,
kana kwamba hakuna wafu waliokaa kati yetu.
Nadhani alikuwa sahihi.

Kulipokucha nilikuwa mkekani, shavu limechapwa mistari,
kwazi analia juu ya mitumbwi, mbuzi kiziwi ananitafuna kola.

Mke wangu Nyamizi huhubiri kila Jumatano.
Alinusa shati, akanyamaza, akaliloweka.
Mpaka leo hajauliza. Mpaka leo siwezi kuapa
kama ilikuwa kweli, au mzizi tu, unachezea ubongo
kama mtoto anavyobofya redio ya watu.
Daktari wa kiwanda angesema hivyo. Nisingembishia.

Jumatatu nilirudi kwenye mzani.
Kilo ni kilo.

Ila nalala. Nalala mpaka adhana, mpaka jogoo,
mpaka Nyamizi ananisukuma bega, analalamika:
kitanda futi tano kwa sita, baba,
huko ukutani unambania nani nafasi?