Nilikuwa Nimeshacheka

Nianze na langu: nilicheka.
Ukumbi ule wa Ngamiani, nyuma ya duka la baiskeli,
viti vya plastiki, pangaboi moja linazunguka kwa hiari yake,
kiingilio elfu tano, soda juu yao.
Chachandu alipanda na suruali ya marehemu babu yake,
akashika maiki kama mtu anayeshika kuku shingo,
akatupa habari ya msichana aliyekatiza mkongeni
na wanaume watatu,
na namna alivyopiga kelele.
Akaiiga ile sauti.
Akaiiga vizuri. Hapo ndipo nilipocheka.
Soda ikanitokea puani.

Nikageuka kumtafuta Mwanahiza tucheke pamoja
nikamkuta anahesabu.
Macho darini, midomo inakwenda polepole,
anahesabu mapanga ya pangaboi
ambayo yakizunguka hayahesabiki.

Mimi sina mizani ya kupimia kicheko.
Nimezaliwa katika watu wa utani.
Alipokufa baba, mtani wetu wa Handeni
alijilaza mlangoni, akazuia jeneza lisitoke,
akadai jogoo wake ambaye baba hakumlipia
tangu mwaka wa njaa.
Mama akacheka, kamasi na machozi njia moja,
na kicheko kile ndicho kilichomnyanyua mkekani.
Nami nimechezwa. Bi Mwanjaa, somo yangu,
alikitaja kila kitu kwa jina lake, bila pazia,
mambo ambayo nikiyaweka hapa karatasi itajikunja kwa haya,
tukacheka wanawake mpaka kanga zikatufunguka.
Basi msiniambie kuna neno ulimi haukuumbiwa.

Lakini mtani yule alikuja na debe la unga.
Kaburi alichimba yeye.
Udongo ulikuwa bado kuchani
alipolala mlangoni.

Chachandu nilimkuta nje, anakula chipsi.
"Dada, mzaha tu. Hakuna msichana. Nimemtunga."
Akanisogezea sahani nichukue kiazi.
Nikachukua.
Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloninyima usingizi:
ningetaka sana awe mbaya.

Tulirudi Makorora kwa miguu, kimya,
Mwanahiza mbele, mimi nyuma na samahani yangu
ambayo kila nikiifungua haina kitu ndani.
Akavua viatu. Akawasha jiko. Akasema, mgongo kwangu:

"Ile siku, Bombo walinirudisha.
Nikachukue kwanza PF3.
Nikafika kituoni, kalamu ya askari imekauka.
Ananiangalia, shoga. Ananiuliza:
Dada, wewe huna kalamu?
Nami nimevaa kanga moja, ya kuazima, imelowa.
Kalamu! Ningeichomeka wapi?"

Mabega yake yakaanza kutikisika.
Nilingoja. Sikujua kama nimealikwa.
Akageuka, meno yote nje, macho yanamwagika,
"Cheka basi, mbona kule ulicheka bure,"
nikacheka, tukacheka, tukashikana tusianguke jikoni,
mpangaji wa pili akagonga ukuta mara mbili,
maji yakachemka yakakauka.

Wazee walisema mzaha mzaha hutunga usaha.
Sawa. Na usaha uliokwisha kutunga miaka sita,
unaotumbuliwa na mwenye jipu mwenyewe,
kwa kucha yake,
jikoni kwake, saa sita usiku,
huo nao tuuite mzaha?

Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya.
Alikaa nayo siku nane.
Akasema, "Andika. Lakini Chachandu akiitaka ile ya kalamu,
mwambie haiuzwi.
Atafute kanga yake alowe."

Nimeandika.
Ila lipo moja sikumwambia, na nikilificha
shairi zima litakuwa uongo:
ile sauti ya ukumbini, ya msichana asiyekuwepo,
hunijia nikiwa peke yangu, nafua, nakuna nazi,
na kabla sijaukumbuka uso wa Mwanahiza
mdomo wangu unakuwa umeshaanza kufunguka.