Mkwaruzo

Karatasi mia moja na kumi na mbili.
Nakumbuka idadi kwa sababu nilimtoza nusu bei
na bado Balikowa aliomba akopeshwe.
Alikuja na picha ya ukubwa wa kiganja, kaikata kwenye kalenda:
gari jekundu la mashindano, viti viwili, halina paa,
la enzi ambazo babu yangu hajavaa kiatu.
"Likuze," akasema, "mpaka liwe gari."
Nikalikuza, kipande kwa kipande, usiku kucha,
mashine ikikohoa pale Barabara Kuu ya Jinja,
mwanga wa kijani ukienda, ukirudi,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Miaka miwili. Leo nimelifuata deni langu Walukuba.

Karakana ni mabati na ukuta wa kuazima kwa jirani.
Haina kibao. Unaifuata kwa sikio:
ti, ti, ti,
nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga.
Namukose, fundi bodi, hakuinua kichwa.
"Kodeyo," alisema, ribiti tatu midomoni,
akanisogezea debe nikae.

Na ukutani, karatasi zangu zote,
zimegandishwa kwa uji wa muhogo,
mende wamezionja pembeni.
Chini yake, gari.

Sikukaa.

Injini ni ya Toyota iliyokwisha kuzikwa mara mbili.
Shasi ilikuwa geti la shule. Taa, za pikipiki.
Meno ya mbele ni spoki za baiskeli, moja moja, zimeng'arishwa kwa majivu.
Usukani wa mvule. Na bodi yote, mgongo, mabega, makalio yale,
ni masufuria ya bweni yaliyosonga posho miaka ishirini,
yakapasuliwa, yakanyooshwa, yakafundishwa kujikunja upya.
"Jua likiwaka sana," Namukose akasema, "ukiinama mlangoni
utasikia harufu ya maharage."
Nikainama. Kweli.

Hapo ndipo kidole changu kilipokutana na ule mstari.
Mwembamba, umechongwa ubavuni toka taa hadi mkiani,
na kila baada ya rula moja
unajipinda kidogo, kisha unanyooka.
Kuna mwingine juu ya boneti. Mwingine chini ya mlango.
Kupinda kule kule.

Naujua mkono uliouchora.
Binti yangu Kagoya, alipokuwa na miaka minne,
alitelezesha ufunguo juu ya kioo cha mashine
kutoka ukingo hadi ukingo, akicheka.
Tangu siku hiyo kila cheti cha ubatizo Jinja,
kila barua ya kuomba kazi,
imetoka kwangu na unywele mmoja mweusi.

"Hapo palitutoa jasho," Balikowa akasema nyuma yangu.
"Wiki sita, mistari hiyo tu. Tulivunja nyundo.
Lakini watu wale walikuwa na akili.
Unaona? Unakata upepo."
Akapitisha kiganja hewani kunionyesha upepo unavyokatika.
Mstari wa juu kabisa, ule uliopita angani,
waliuacha. Walidhani ni waya wa umeme.

Nilifungua mdomo. Namukose alikuwa ananitazama,
mara ya kwanza tangu niingie,
nyundo imesimama.
Nikasema, "Ni kazi."
Akazitema ribiti mkononi, akacheka, akarudi kugonga.

Balikowa alinihesabia noti zenye grisi, robo ya deni.
Nyingine, alisema, likishauzwa. Yupo daktari wa Iganga
anayekuja kila Jumapili kukaa ndani yake,
halipi, hasemi, anashika usukani tu.
Na wanataka kuanza la pili, la buluu.
Picha wameshaipata.
"Ileteni," nikasema.

Nilipofika njia ya reli nikakumbuka:
Jumatatu fundi wa mashine anakuja na kioo kipya.
Nikasimama juani, nikatafuta namba yake,
nikampigia asije.