Kwa Mhakiki Aliyenipa Nyota Mbili

Bwana Thornburg,
gazeti lako lilifika Jumanne, limelowa.
Mama alilianika juu ya jiko
pamoja na soksi za Dewey.
Nililisoma nikiwa nimesimama.

Umesema sauti yangu
ni bawaba iliyonyimwa mafuta.
Umesema gitaa la chuma linalia
kama mbwa aliyesahauliwa garini.
Umesema wimbo wa tatu ni mrefu, hauna kiitikio,
na mpiga ngoma anachelewa kila pigo la nne.

Kweli anachelewa.
Huyo ni Dewey, kaka yangu. Mguu wa kulia
aliuacha mgodini, huku huku Letcher,
na huu wa plastiki husubiri kwanza kuambiwa.
Sikumtafuta mwingine.

Na bawaba, bwana, ni bawaba.
Hatuna kampuni. Tulirekodi
katika banda la chakula cha kuku,
Machi, upepo wa milimani, mlango haufungi.
Watu mia nne wameinunua santuri hiyo
mkononi mwangu, nyuma ya pikapu,
wala hakuna aliyeniuliza: humu mna mlango?
Wewe umeusikia, ukiwa Nashville.

Yupo mwenzako, wa jarida la karatasi nyororo.
Kanipa tano. Nyota tano, na picha.
Ameandika "halisi" mara sita, nimehesabu.
Ameandika kwamba vumbi la makaa linaimba.
Vumbi haliimbi, bwana. Vumbi lilimkohoza baba
miaka kumi na mmoja, hadi akawa analala ameketi.
Amesifu mstari ambao sikuuimba:
mimi nilisema deni, yeye kasikia dini,
akajenga aya nzima juu yake, kama kanisa.

Mama amekata tahakiki zote mbili.
Ya jarida ameitia ndani ya Biblia.
Yako nimeiomba mimi. Imo kwenye kasha la gitaa,
chini ya nyuzi za akiba.

Sikuandikii kukushukuru.
Nyota zako mbili zimenikosesha maonyesho mawili,
Knoxville na Roanoke,
na Dewey hakusema nami siku tisa.
Jana alinunua kopo la mafuta,
akatoka peke yake kwenda bandani.
Nikamkimbilia. Nikamkuta
kapiga goti lile zima, mkono juu ya bawaba.

"Usiipake," nikamwambia.
"Hiyo ni ya wimbo wa tatu."

Akanitazama. Akausukuma mlango
mara moja, mara mbili, mara tatu,
na ya nne
akachelewa.