Kimo cha Fundi

Meza zile za Kizota nilizichonga mimi,
kumi na mbili, msonobari,
na kipimo kilikuwa kiwiko changu.
Sikuuliza watakaokaa ni akina nani.

Miezi saba baadaye wakaniita nitengeneze droo.
Nikamkuta Foibe Chilongani
akikaza skrubu za mita za maji,
mabega yamepanda hadi masikioni
kama mtu anayevuka korongo lililojaa.
Chini ya kigoda chake matofali mawili;
miguu inaning'inia.
Kabla mkono haujafika kwenye vifuniko,
uso unatangulia kujikunja.

"Shingo?"
"Shingo nimeiacha Chang'ombe, fundi.
Hii ya kuazima."
Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza.

Jumamosi, zamu ilipotoka,
nilipima viwiko vyao,
nikaviandika kwa chaki ukutani:
Foibe, Nyemo, mama Sechelela,
na yule kijana mrefu wa Mpwapwa
(wake ulitaka kuongezwa).
Upepo wa Julai ulisukuma vumbi chini ya mlango
nami nikakata. Inchi nne, mguu kwa mguu.
Bisibisi nikaitundika kwa springi, upande wa kulia.
"Mimi natumia shoto," akasema Nyemo.
Nikaihamisha.

Jumatatu Foibe alikaa,
akakanyaga sakafu kwa visigino vyote viwili,
akakaza skrubu moja,
ya pili.
Mabega yalibaki chini.

Jioni akafunga vile vipande kwenye khanga.
"Mlenda wa leo," akasema,
"naupikia kimo chako."