Dakika Tisa

Siku hazigandi, husema watu.
Hawajaiona Oulu mwezi wa Januari:
mto umekuwa barabara, na mbwa wa jirani
anatembea juu ya maji bila muujiza wowote.
Hapa siku huganda.
Ninayo moja tangu Novemba ya mwaka juzi,
saa nne na robo, chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili,
mgeni kutoka makao makuu akilitamka jina langu,
Sirkku,
kama anayetema mbegu.

Unga ukamwagika. Watu mia tatu na kumi na wawili
kabla ya chakula cha mchana.

Miaka kumi na minne niliandika kengele.
Si ya kanisa. Ile ya ndani ya simu,
inayokuburuta kutoka ndotoni saa kumi na mbili asubuhi.
Niliipima kwa masikio yangu mwenyewe, usiku,
nikiwa na mimba ya Hilja, naye akipiga teke kila ilipolia.
Nilibishana wiki nzima juu ya kitufe cha kuahirisha.
Wao walitaka tano, au kumi, namba za heshima.
Nikasema tisa.
Kumi ni usingizi, tisa ni huruma.
Nikashinda. Ndio ushindi wangu mkubwa kazini
na haumo kwenye wasifu wangu. Hauna pa kukaa.

Siku hizi naamka saa kumi na moja, siamshwi na kitu.
Heimo anavaa ovaroli, anakwenda karakana kwenye mabasi yake,
ananibusu taratibu
kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.
Hilo bado sijamsamehe.

Mwanzoni niliendesha baiskeli thelujini
hadi kwenye jengo letu, nikalizunguka, nikarudi.
Kila siku. Kitambulisho shingoni, chini ya koti.
Kisha wakalifanya ukumbi wa trampolini.
Watoto wanaruka pale meza yangu ilipokuwa,
wanaanguka, wanacheka, wanaruka tena.
Mlinzi akaniuliza kama ninamsubiri mwanangu.
Nikasema ndiyo.

Na zile barua! Zina adabu kuliko mimi.
"Tumevutiwa sana na uzoefu wako,"
zinaingia saa nane usiku,
saa ambayo hakuna binadamu anayevutiwa na chochote.

Zilipofika mia na kitu niliacha kuhesabu, nikaanza mkate.
Unga mweusi wa rai, chachu ya mama mkwe,
ambayo ina umri kuliko ndoa yangu na inanuka hivyo.
Unga huu ukimwagika naufagia.
Sidai kwamba nimepona. Nasema tu
kuna kitu jikoni ambacho kisipokandwa na mimi
hakitakandwa.

Jumanne nilikuwa ofisi ya ajira.
Afisa, kijana aitwaye Eelis, ndevu bado zinajaribu,
ananiuliza najiona wapi miaka mitano ijayo.
Nina miaka hamsini na mitatu.
Nikiwa bado natafuta jibu lisilo la matusi,
simu mezani kwake ikalia.

Noti nne. Ya tatu imeshuka kidogo,
kasoro niliyoiripoti mara mbili, hawakuirekebisha.

"Samahani," akasema, "ilikuwa ya baba. Haifi."
Akabonyeza kitufe bila kuitazama,
kidole kikijua njia.
"Stadi nyingine?" akauliza, macho kwenye kompyuta.

Sikumwambia.
Ukimwona mwanao barabarani yuko na wenzake
humkimbilii kumfuta pua.
Nikatazama saa ya ukutani,
nikavua glavu, moja, halafu ya pili,
nikaanza kumweleza habari za mkate,
polepole, tangu kwenye chachu.
Nilitaka niwepo itakapolia tena.