Aya ya Nne

Fomu ya chuo cha meno inauliza:
nje ya darasa, unapenda kufanya nini?
Maneno yasizidi mia tano.
Bi Mize anachapa, mimi namsomea kutoka daftarini,
feni ya duka lake pale Chake inapeperusha karatasi,
na kila akicheka anaziba mdomo kwa pindo la mtandio.

Aya ya kwanza: alama zangu za Baiolojia.
Ya pili: shukrani kwa wazazi.
Ya tatu: jamii yangu na uhaba wa madaktari,
jambo ambalo kila mwombaji ataliandika,
tena kwa maneno hayo hayo.
Nilipofika ya nne nikameza mate.

"Andika mpira," Mwalimu Khatib alinishauri.
"Hao watu wa bara ukiwaambia unacheza ng'ombe
watadhani unacheza na akili zao."
Nikaandika mpira. Namba sita, kiungo mkabaji.
Usiku kucha uongo ule ukanikaa
kama mbegu ya pera katikati ya magego;
ulimi unakwenda, unarudi, unakwenda,
haing'oki, haimezeki.

"Futa mpira," nikamwambia Bi Mize.
"Chapa: ng'ombe."
Vidole vikasimama. "Ng'ombe ng'ombe?"
Ng'ombe ng'ombe.

Chapa kwamba natoka Kengeja,
kwamba zumari likilia huingia uwanjani
na kipande cha kanga mkononi,
fahali upande wa pili, kamba ndefu, vumbi.
Hatumuui. Hilo lichape peke yake, mstari wake.
Kazi ni kumkaribia, kumuudhi, na kumkwepa
kwa hatua moja. Ukipiga mbili umekimbia.
Usipopiga hata moja, wanakuja kukuokota.

Chapa kwamba kabla ya mchezo namfungua kinywa.
Juu, mbele, hana jino hata moja:
ufizi mgumu tu, kama kisigino cha mkulima.
Chini manane. Hayo ndiyo yanayonieleza umri wake
hata mwenyewe akinidanganya.
Kinywa kile kimenifunza kutotia mkono kwa pupa,
kusema taratibu na kiumbe mwenye hofu
anayeweza kuniumiza.

Bi Mize ameacha kuchapa. Anasikiliza.

Mchape Faki.
Mwaka juzi pembe ilimpata mdomoni,
jino la mbele likaanguka mchangani, zima, na mzizi wake.
Nililiokota mimi. Nikalisugua kwa sabuni likatakata,
nikalifunga kwenye kanga ile ile niliyochezea
kama sarafu ya sikukuu,
tukapanda pikipiki moja hadi Mkoani, watatu, Faki katikati.
Daktari akalitazama, akatutazama.
"Mngelitia kwenye maziwa," akasema,
"bila kulisugua, mkawahi,
pengine lingeshika."

Maziwa.
Uwanja mzima wenye ng'ombe wamejaa,
nyumbani mama amegandisha lita tatu tangu asubuhi,
na hapana aliyefikiri maziwa.

Hapo ndipo nilipoutaka udaktari,
si kwenye aya ya tatu.

Kompyuta ikahesabu: mia tano na nne.
"Punguza," akasema Bi Mize, kidole juu ya kitufe,
jicho lake kwa Faki.
Nikatoa "kwa heshima na taadhima".
Heshima ilikuwa imo tayari.

Akaisoma yote tangu juu, midomo ikicheza.
Alipofika kwenye sabuni akacheka,
akacheka mpaka mtandio ukamponyoka
na mkono ukasahau kupanda.
Chonge ya juu, kulia: pengo.
Jino jirani limeanza kuinama.

Nikamlipa mia tano yake ya kila karatasi,
nikatazama pembeni, lakini nimechelewa,
ameniona nimeona.
Sikusema kitu.
Fomu bado haijajibiwa.